Bomba la Upepo na Njia ya Kutafuta Ubovu Wake

Katika mji wa Mwanza na vijiji vilivyo kando ya Ziwa Victoria, kazi nyingi za watu huanza juu ya magurudumu mawili. Magunia ya dagaa hutoka mwaloni Kirumba mapema asubuhi. Abiria hupelekwa Igoma, Kisesa na Buhongwa. Maziwa na mboga huletwa sokoni kutoka mashambani. Baadhi ya vyombo hivyo ni baiskeli, na vingine ni pikipiki, ambazo watu huziita bodaboda. Vyote huchukuliwa na kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni hewa iliyofungwa ndani ya mpira.

Hewa hiyo ikipungua, gurudumu huwa zito, na rimu ya chuma huubana mpira juu ya mawe mpaka ukatoboka. Tena chombo huyumba katika kona. Bodaboda imchukuayo mama na mtoto wake huweza kuwaangusha barabarani kwa sababu ya mpira legevu tu. Kwa hiyo bomba la mkono la kutilia upepo, ingawa ni dogo, si chombo cha kudharauliwa.

Lakini bomba nalo huharibika, na hapo ndipo watu wengi wakoseapo. Hawautafuti ubovu, bali hubahatisha. Mmoja hununua mpira mpya, na kumbe ule wa kwanza ulikuwa mzima. Wa pili hulitupa bomba, na kumbe lilitaka tone la mafuta tu. Wa tatu hulipigapiga chini kwa hasira, akazidisha ubovu. Afadhali mtu ajue jinsi bomba lifanyavyo kazi, kwani ajuaye kazi ya chombo huweza kukiuliza swali, na chombo kikamjibu.

1. SEHEMU ZA BOMBA

Bomba la kawaida la baiskeli lina sehemu chache. Ya kwanza ni mwanzi, yaani bomba lenyewe la chuma, lililo wazi ndani kama mwanzi uliotobolewa. Ya pili ni ufito wa chuma uingiao ndani ya mwanzi, wenye mpini juu wa kushikia. Ya tatu imefungwa katika ncha ya chini ya ufito: ni washa ya ngozi au ya mpira, yenye umbo la kikombe kidogo, na mdomo wa kikombe hicho huelekea chini. Ya nne ni mrija, ambao hupeleka hewa mpaka kwenye gurudumu. Na katika gurudumu mna kilango kidogo, ambacho mafundi hukiita vali. Kazi ya kilango hicho ni kuiruhusu hewa kuingia na kuikataza kutoka.

Washa ile ya ngozi ndiyo moyo wa bomba. Mpini ukisukumwa chini, hewa iliyo ndani ya mwanzi hubanwa, nayo huutanua mdomo wa kikombe mpaka ukagusa ukuta wa mwanzi pande zote. Hewa hukosa njia ya kupanda juu, ikalazimika kwenda katika mrija. Mpini ukivutwa juu, mdomo wa kikombe hujikunja kidogo, na hewa mpya hupita kando yake na kuujaza mwanzi tena. Basi kipande kimoja cha ngozi hufanya kazi mbili: hufunga njia mpini ushukapo, na huifungua upandapo.

2. KWA NINI MPINI HUWA MZITO

Kila aliyepata kutia upepo amejua kwamba mwanzoni mpini ni mwepesi, na mwishoni huwa mzito. Sababu yake ilichunguzwa tangu zamani. Katika nchi ya Ujerumani alikuwako Otto von Guericke, mkuu wa mji wa Magdeburg, aliyefanyiza bomba la kutoa hewa chomboni karibu na mwaka 1650. Aliyaunganisha mabakuli mawili makubwa ya shaba, akaitoa hewa iliyokuwa ndani, na farasi waliofungwa pande zote mbili wakapata shida kuyatenganisha. Hapo watu waliona kwamba hewa ya nje, ingawa haionekani, inavisukuma vitu vyote kwa nguvu nyingi. Kisha mwaka 1662 Robert Boyle wa Uingereza alitangaza kanuni hii: hewa ikibanwa mpaka nafasi yake ikawa nusu, nguvu yake huwa maradufu, ikibanwa mpaka theluthi, nguvu yake huwa mara tatu, mradi joto lake lisibadilike.

Kanuni hiyo yaweza kupimwa Mwanza. Pwani, kama Dar es Salaam, hewa husukuma kila inchi ya mraba kwa nguvu ya karibu ratili 15. Lakini uso wa Ziwa Victoria uko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,134, na mahali pa juu hewa ni nyepesi zaidi. Mwanza nguvu hiyo ni karibu ratili 13. Maana yake, kila mwanzi mmoja wa hewa ya Mwanza una hewa kidogo kuliko mwanzi uo huo pwani. Mahali ambapo mtu wa pwani husukuma mara 13, mtu wa Mwanza huhitaji kusukuma kama mara 15 apate ujazo ule ule. Basi mgeni atokaye pwani asiseme upesi kwamba bomba lake limeharibika njiani.

Sasa ufikiriwe mpira wa pikipiki wenye ratili 26 kwa kila inchi ya mraba, ambazo mafundi huziita PSI 26. Kipimo hicho huonyesha tu nguvu iliyozidi ile ya hewa ya nje. Nguvu kamili iliyomo ni 26 na 13, yaani 39, nayo ni mara tatu ya hewa ya nje. Kwa hiyo hewa iliyo ndani ya bomba haiwezi kukisukuma kilango mpaka nayo imebanwa mara tatu. Ikiwa mwanzi una urefu wa sentimeta 30, na mpini husukumwa polepole, washa itashuka sentimeta 20 pasipo hewa yoyote kuingia katika mpira. Katika sentimeta 10 zilizobaki ndipo hewa iingiapo.

Jambo hili lafaa kukumbukwa sana, maana ndilo linaloeleza udanganyifu wa bomba bovu. Mpira ukiwa mtupu, hewa huingia mara mpini uanzapo kushuka. Mpira ukiisha kupata nguvu, hewa hungoja ndani ya mwanzi. Na wakati ingojapo, kama pana mwanya mdogo kando ya washa, hutoroka kwa mwanya huo. Hivyo bomba bovu huujaza mpira nusu, kisha hushindwa. Mtu asiyejua husema, "Bomba ni zima, kwa kuwa limejaza nusu, ubovu uko katika mpira."

3. UPEPO UMEKOMA WAPI?

Mfano mmoja utalieleza jambo hili. Mchukuzi wa dagaa alifika mapema asubuhi kwa fundi wa baiskeli aliyekaa chini ya mti, karibu na barabara. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa limelegea, na mzigo ulikuwa ukingojewa Kisesa. Kijana aliyekuwa akijifunza kazi alilichukua bomba, akasukuma mpaka jasho likamtoka. Mpira ulijaa nusu, kisha ukakataa.

Mtu mmoja aliyesimama pale akasema, "Mpira huo umetoboka. Mwuzie mwingine, aende zake."

Mchukuzi alihuzunika, maana fedha aliyokuwa nayo ilikuwa ya chakula cha wanawe siku ile. Lakini fundi, aliyekuwa mzee, hakuinuka kuleta mpira mpya. Alimwuliza kijana, "Mwanangu, upepo umekoma wapi?"

Kijana akajibu, "Sijui, mzee."

"Basi usiuze usilolijua. Upepo una njia moja: mwanzi, mrija, kilango, mpira. Anza mwisho, urudi nyuma."

Kijana akauchomoa mrija, akaweka mate kidogo juu ya kilango. Hapakuwa na povu. Akalizungusha gurudumu taratibu, akitia maji ya sabuni pale penye shaka, wala hapakuwa na povu. Wakangoja kitambo, mpira ulibaki vile vile, nusu umejaa. Mzee akasema, "Uliotoboka haungetunza hata hicho ulichoutilia. Mpira umetoa ushahidi wake. Liulize bomba."

Kijana akauondoa mrija katika bomba, akaliziba tundu la kutokea hewa kwa kidole gumba, akasukuma mpini polepole. Ulikuwa mgumu kidogo, kisha ukashuka wenyewe mpaka chini, na pumzi nyembamba ikasikika juu, pale ufito uingiapo katika mwanzi. Walipolifungua bomba, waliiona washa ya ngozi imekauka, ukingo wake umejikunja kama jani lililochomwa na jua. Mzee akaipaka mafuta, akaikanda kwa vidole mpaka ikawa laini, akautanua mdomo wake, akairudisha. Kijana alipoziba tundu mara ya pili na kusukuma, mpini ulirudi juu kwa nguvu.

Mpira ulijaa. Mchukuzi alilipa ujira wa upepo tu, akashukuru, akaondoka na mzigo wake, na fedha ya chakula ingali mfukoni. Kijana akauliza, "Mzee, mbona mwanzo lilijaza?" Mzee akamweleza habari ya hewa ingojayo ndani ya mwanzi, na ya mwanya unaoitorosha.

4. DALILI NA MAANA ZAKE

Katika mfano ule bomba lilijibu kwa dalili moja. Ziko nyingine, na kila moja ina maana yake.

Mpini ukishuka bila uzito wowote, tundu likiwa limezibwa, washa imekauka, imechanika, au imelegea katika ncha ya ufito. Kwanza ikazwe, kisha ilainishwe, ikiwa imechanika, ibadilishwe. Ngozi hupakwa mafuta, lakini haioshwi kwa mafuta ya taa, kwani hayo huyaondoa mafuta yaliyomo na kuikausha upya. Washa ya mpira hutaka mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mpira, kwa sababu mafuta mengine ya mashine huivimbisha.

Mpini ukiwa mzito tangu msukumo wa kwanza, hali mpira ni mtupu, njia imezibwa. Pengine mrija umekunjika, au mchanga umeingia ndani yake, au kilango kimegandamana. Mrija uchomolewe, bomba lisukumwe peke yake. Likipumua vema, kizuizi kiko mbele, katika mrija au katika kilango.

Mpini ukirudi juu wenyewe kila uachwapo, hali mrija umeungwa na gurudumu lenye upepo, hewa inarudi kutoka katika mpira. Kilango hakifungi. Mara nyingi chembe ya mchanga imekaa mlangoni, au kile kipira chembamba cha vali ya kizamani kimechakaa.

Sauti ya kufoka ikisikika karibu na gurudumu, kiungo cha mrija hakikukaza. Pakwe maji ya sabuni: povu litakaa juu ya tundu kama kidole kinachoelekeza.

Sehemu ya chini ya mwanzi ikipata moto wakati wa kusukuma, huo si ubovu. Hewa ibanwayo upesi hupata joto. Bomba lililo baridi baada ya misukumo mingi katika mpira mgumu ndilo la kutiliwa shaka, maana huenda halibani hewa yoyote.

5. BOMBA LA SHOKAPU

Pikipiki nyingi za bodaboda huchukuliwa na springi na mafuta yaliyomo ndani ya shokapu, yaani kile chombo kipunguzacho mishtuko ya njia mbaya. Lakini ziko pikipiki nyingine ambazo shokapu zake husaidiwa na hewa. Moja iliyojulikana sana ni Honda GL1100, iliyotolewa mwaka 1980. Baiskeli nyingi za kupandia milima nazo hutumia hewa hivyo hivyo. Shokapu za namna hiyo hujazwa kwa bomba la mkono la pekee: mwanzi wake ni mwembamba, na juu yake mna geji, yaani saa ya kupimia nguvu ya hewa.

Wembamba huo una sababu. Kuisukuma hewa yenye nguvu ya ratili 100 katika mwanzi wenye upana wa inchi moja ya mraba, huhitaji uzito wa ratili 100 juu ya mpini. Mwanzi ukiwa na robo ya upana huo, ratili 25 zatosha. Tena nafasi ya hewa ndani ya shokapu ni ndogo sana. Bomba kubwa la gurudumu huweza kuizidisha nguvu kwa msukumo mmoja, na mashine ya upepo ya vituo vya mafuta huweza kuipasua mipira ya ndani kabla ya mtu kuondoa mkono.

Bomba hili lina fumbo lake. Mtu huijaza shokapu kwa kipimo kamili, akalifungua bomba. Kesho yake huunga bomba tena ili kupima, na geji huonyesha upungufu. Husema, "Shokapu inavuja." Pengine haivuji hata kidogo. Alipounga mrija mtupu, sehemu ya hewa ya shokapu ilitoka kwenda kuujaza mrija na geji. Na kwa kuwa nafasi ya shokapu ni ndogo, upungufu huo huonekana mkubwa. Vilevile, bomba lililotengenezwa vema likifunguliwa hutoa sauti ya kufoka. Hiyo ni hewa ya mrija, si ya shokapu. Dalili ya kweli ya kuvuja ni hii: shokapu ikijazwa kwa kipimo, chombo hushuka chini siku kwa siku, au povu la sabuni huonekana juu ya kilango chake.

Geji nayo yaweza kudanganya. Kabla ya kuiamini, sharti mshale wake utazamwe bomba likiwa halijaungwa. Usiposimama penye sifuri, kila kipimo kitakachofuata kitakuwa cha uongo. Na kipimo chenyewe hufuatwa kama kilivyoandikwa na watengenezaji wa pikipiki, si kama apendavyo mtiaji.

6. UTUNZAJI

Bomba hupenda mambo matatu. La kwanza ni kuwekwa mbali na mchanga, hasa kando ya ziwa, kwani chembe moja huikwaruza washa na ukuta wa mwanzi. La pili ni mafuta kidogo kwa wakati wake. La tatu ni kusukumwa kwa unyofu, maana ufito uliopindika huilaza washa upande mmoja, na upande wa pili ukabaki na mwanya.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, alipata hati ya serikali kwa tairi lake la upepo, alilolifanyiza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amepata hati ya namna hiyo mwaka 1845, ila tairi lake halikuenea. Tangu siku za Dunlop magurudumu ya upepo yameenea ulimwenguni kote, na kila mahali yalipofika, bomba limefuatana nayo. Wengi hujua kulisukuma. Fundi hujulikana siku linapokataa, kwa kuwa haharakishi kulaumu wala kuuza, bali huifuata njia ya upepo hatua kwa hatua mpaka aone ilipokatika.

MASWALI

1. Taja sehemu nne za bomba la baiskeli, na ueleze kazi ya kila moja.
2. Kwa nini washa hufanyizwa kwa umbo la kikombe, wala si bapa kama sarafu?
3. Mwanzi wa bomba una urefu wa sentimeta 24. Hewa ikibanwa mara tatu, washa itakuwa imeshuka sentimeta ngapi?
4. Kwa nini mtu wa Mwanza husukuma mara nyingi kidogo kuliko mtu wa Dar es Salaam?
5. Mchukuzi angalinunua mpira mpya, je, gurudumu lake lingalijaa? Toa sababu.
6. Tafuta bomba nyumbani au shuleni. Liondoe mrija, ziba tundu kwa kidole, sukuma polepole, kisha andika lilivyojibu.